Mteja wa Zamani Asilipe Zaidi ya Mgeni



Leo naandika jambo lililonigharimu. Usinionee huruma, chukua somo uendelee na mauzo yako.

Mimi nauza saa za kisasa za mkononi, spika ndogo, earphone na chaja. Nina fremu ndogo hapa Dar, ila mauzo mengi yanatoka WhatsApp na Instagram. Sijasomea biashara. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza na chaja kumi za mkopo, mengine yote nimejifunza kwa kuungua. Hili ni mojawapo.

Mwaka jana nilikuwa na mteja wangu mmoja, dada muuguzi. Alinunua kwangu earphone, akanunua spika, halafu akanunua saa ya 60,000. Wenzake wa wodini wakaniandikia mmoja baada ya mwingine, wote wanasema "nimeelekezwa na dada fulani". Mimi sikuwahi kumlipa hata mia kwa kazi hiyo.

Siku tisa baada ya kununua ile saa, nikaweka tangazo la kulipia na status juu yake: "OFA KWA WATEJA WAPYA TU, saa ileile 45,000, tunakuletea bure." Nilijiona mjanja. Jioni akaniandikia: "Mdogo wangu, nimeona ofa yako. Kumbe sisi tuliokuamini mwanzo ndo tunawalipia nauli hao wapya. Hongera."

Nilimpigia, hakupokea. Nikamwandikia maelezo marefu, akasoma, kimya. Na wale wauguzi wenzake nao kimya. Ndugu yangu, kuna wateja hawagombani na wewe. Wanaondoka tu, na wewe unabaki unalalamika biashara ngumu.

Mzee wa gofu alivyonifungua macho

Kama miezi miwili baadaye nikapata mteja mwingine, mzee mmoja mstaafu anayecheza gofu. Alikuwa anatafuta mkanda wa saa yake. Nilipompelekea nikashangaa ile saa, maana haikuwa ya aina ninayouza. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mzee, hii inafanya nini?"

Akacheka. "Binti, hii inanikumbusha nilivyo mbovu."

Akanieleza. Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14, na kila moja ina kazi yake: ya kupiga mbali, ya katikati, ya kusukumia mpira shimoni. Sasa watu wa teknolojia wametengeneza vifaa vinavyofuatilia kila pigo. Unaweka kitambuzi kidogo kwenye kishikio cha kila fimbo. Ukipiga, kifaa kinajua ulitumia fimbo ipi, ulisimama wapi na mpira ulienda umbali gani. Ukifika nyumbani unafungua simu unaona yote. Unaweza kugundua kwamba fimbo unayoamini inafika mita 150, kwa kawaida inaishia mita 130.

Halafu akanionyesha barua pepe ya kampuni iliyotengeneza saa yake. Wametoa toleo jipya. Nikatafsiri kwa Kiswahili changu: "Wewe una saa yetu ya zamani. Tupe namba ya kifaa chako, tukuuzie mpya kwa bei ambayo mtu wa barabarani hapati. Kumbukumbu zako zote zitahamia kwenye mpya. Ofa inaisha tarehe fulani."

Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa. Bei nzuri nilimpa wa barabarani, aliye ndani ndo nikamwachia bei kamili.

Kwa nini wanafanya hivyo

Ilibidi niingie mtandaoni nisome kuhusu biashara hii, ingawa fimbo ya gofu sijawahi kuishika. Majina makubwa niliyokutana nayo ni matatu. Game Golf walianza kuuza mwaka 2013 huko Marekani. Chao kilikuwa kifaa cha kuvaa kwenye mkanda wa suruali, na kabla ya kila pigo unagusisha fimbo kwenye kifaa. Arccos, nao wa Marekani, wao hukumbuki kugusa chochote: kihisio kwenye fimbo kinatambua pigo na simu inarekodi mahali ulipo. Shot Scope wanatoka Edinburgh, Uskoti, wao ni saa inayosoma vitambuzi vya kwenye fimbo yenyewe.

Angalia tabia ya bidhaa hizi, utaelewa ofa zao. Toleo la kwanza la Game Golf ilibidi uliunganishe na kompyuta ndo uone mchezo wako. Toleo lililofuata, Game Golf Live, likawasiliana na simu moja kwa moja. Sasa fikiria yule aliyenunua la kwanza. Alitoa hela yake wakati hakuna anayejua kama kitu kile kitafanya kazi. Alivumilia waya na kompyuta. Baada ya muda mfupi anaona mwenzake kamaliza mchezo, anatoa simu mfukoni, anaona kila kitu. Ukimwambia huyo "lipa bei kamili kama wengine", atajisikiaje? Atajiona mjinga kwa kuwahi. Na mteja akishajiona mjinga kwa ajili yako, harudi.

Kwa hiyo punguzo la mwenye kifaa cha zamani ni kumwambia, "Hukukosea kutuamini mapema." Mimi nadhani hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Kuuza toleo jipya ni kazi ya pili.

Kuna sababu nyingine ya pesa. Mteja wa zamani ameshaacha vitu kwao. Ana vitambuzi kwenye fimbo zote. Ana kumbukumbu za mapigo ya miaka. Ameshazoea programu. Akihamia kampuni nyingine, anaanza sifuri. Kampuni inajua akibaki hatatafutwa kwa tangazo, hatafundishwa upya, na hatauliza maswali arobaini kabla ya kulipa. Ile gharama iliyookolewa ndiyo inayogeuka punguzo.

Sasa tuje kwenye hesabu zetu

Najua kuna anayesema, "Hao ni makampuni ya wazungu, mimi nauza vitu vitatu kwa siku." Sawa. Chukua daftari tupige hesabu yangu mwenyewe.

Saa nainunua jumla Kariakoo 42,000. Nauza 60,000. Faida kabla ya mengine ni 18,000.

Mteja mpya: tangazo la 20,000 huniletea kama wanunuzi wanne, yaani 5,000 kwa kila kichwa. Boda ya kumpelekea 3,000. Mkononi inabaki 10,000.

Mteja wa zamani kwa bei ya 55,000: faida 13,000. Tangazo hakuna. Boda 3,000. Inabaki 10,000.

Umeona? Zimelingana. Ile 5,000 niliyompunguzia haikutoka mfukoni kwangu. Ni pesa ambayo ningewapa wenye mtandao kwa ajili ya tangazo, sasa nimempa mteja wangu. Na sijahesabu muda wa kujibu "bei ya mwisho?", "uko wapi?", "ni original?", halafu mtu anapotea.

Sasa piga hesabu ya ofa yangu ya ujanja. Nimeuza 45,000, faida 3,000. Toa tangazo 5,000, toa boda 3,000. Ni hasara ya 5,000 kwa kila saa. Niliuza nne, hasara 20,000. Nikasema si mbaya, watarudi. Katika wale wanne akarudi mmoja, na alirudi kuulizia kama ile bei ya 45,000 bado ipo.

Yaani nililipa elfu ishirini ili kumpoteza mteja aliyekuwa ananitangazia bure.

Msimamo wangu tangu siku hiyo: kama una nafasi ya kupunguza bei kwa mtu mmoja tu, mpunguzie aliyekwisha kununua. Mgeni muonyeshe ubora, majibu ya haraka na picha halisi za mzigo. Hayo yanatosha kumleta aliye tayari kununua.

Lakini si kila ofa ya mteja wa zamani ni heshima

Hapa nataka tuwe wakweli, maana nimeona watu wanaiga vibaya.

La kwanza: angalia bei kamili, usiangalie punguzo peke yake. Vifaa vya gofu vinafundisha hili vizuri. Arccos wanaendesha huduma kwa ada ya kila mwaka. Shot Scope wanajitangaza kwa kutokuwa na ada ya mwaka. Sitaki kusema nani yuko sahihi, kuna mchezaji anaona ada inamlipa kwa huduma anayoipata. Ila ukipewa punguzo kwenye kifaa, na kifaa kinataka ada kila mwaka, mahesabu yako yasiishie kwenye kifaa. Hata yule mzee wangu alipojumlisha usafirishaji na ushuru, lile punguzo likawa dogo sana. Akaona bora asubiri mpwa wake anayekuja kutoka Uingereza ambebee.

Kwetu sisi maana yake ni nini? Ukimwambia mteja wako "kwa kuwa wewe ni wa zamani, punguzo 5,000", halafu ukampandishia nauli kutoka 3,000 hadi 7,000, karibu hujampa kitu. Na atajua, kwa sababu nauli ya mwanzo anaikumbuka. Punguzo linapimwa mlangoni kwa mteja, siyo kwenye bango lako.

La pili: usimuue wa zamani ili umuuzie mpya. Kwenye saa ninazouza mimi kuna kisa maarufu. Saa za Pebble zilianza mwaka 2012 kwa watu kuchangia mtandaoni kabla saa yenyewe haijatoka kiwandani, na zilikusanya zaidi ya dola milioni 10. Hao ndo wateja wa imani. Mwaka 2016 Fitbit wakanunua mali za kampuni ile, na tarehe 30 Juni 2018 wakasitisha huduma za mtandaoni za Pebble. Wenye Pebble wakapewa punguzo la dola 50 wanunue Fitbit Ionic, ambayo bei yake ilikuwa karibu dola 300. Pengine kibiashara hawakuwa na njia nyingine. Lakini jiweke kwa mwenye saa: kitu chako kinakata muhula, halafu unapewa dola 50 ili uongeze 250 nyingine. Na mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa tatu mwaka 2022 Ionic zenyewe zikaitwa zirudishwe kwa sababu betri ilikuwa inaweza kupata joto kali na kumuunguza mtu, wateja wakarudishiwa dola 299.

Somo langu pale ni hili. Ofa nzuri inamwacha mteja na uhuru wa kusema "hapana, cha zamani kinanitosha", na cha zamani kikaendelea kufanya kazi. Ofa ikija huku unamnyima chaja ya toleo la zamani, au unamdanganya kwamba spea hazipatikani, hiyo ni kumsukuma mtu ukutani.

La tatu: usipandishe bei ili uishushe. Unauza 60,000, unaandika 75,000, unakata na kalamu nyekundu, unaandika "wateja wa zamani 60,000". Mgeni unaweza kumdanganya hivyo. Mteja wa zamani bei yako anaijua, alilipa yeye mwenyewe.

La nne: usimtupie mzigo uliododa. Ukimwita mteja wako bora na kumpa kitu ambacho wageni wamekikataa miezi sita, umemfanya jalala. Mzigo uliododa utangazie kila mtu kwa bei ya kumaliza stoo, tena sema hivyohivyo kwamba unamaliza stoo.

Jinsi ninavyofanya sasa

Sina mfumo wa kompyuta. Nina daftari la kaunta.

Kila anayenunua namwandika: jina, namba, alichonunua, tarehe, bei aliyolipa. Hiyo ndiyo namba ya kifaa yangu. Mtu akija akisema "mimi ni mteja wako wa zamani", nafungua daftari. Hayupo, hapati bei hiyo, na namweleza kwa upole.

Toleo jipya likiingia, siweki status kwanza. Kwanza naangalia nani ana la zamani. Namwandikia mmoja mmoja, kwa jina, siyo ujumbe wa kunakili kwa watu wote. Namwambia kilichobadilika na ambacho hakijabadilika. Kwa mfano: "Betri inakaa muda mrefu zaidi na kioo ni kikubwa. Kupima mapigo ya moyo ni vilevile. Kama yako inakutosha, baki nayo." Ukiandika sentensi hiyo ya mwisho utaogopa kwamba umejinyima mauzo. Mimi imeniongezea. Watu wanaamini aliyewaruhusu kukataa.

Naweka idadi na siku: saa tano, siku saba. Zikiisha zimeisha, sirefushi. Hapa najibu wale wanaosema "ukiwapa punguzo watazoea". Watazoea kama halina sababu wala mwisho. Punguzo langu lina sababu moja tu, kwamba ana toleo la zamani la kitu kilekile alichonunua kwangu. Anayetaka chaja analipa bei ya chaja kama kila mtu.

Na kama nina mpango wa kushusha bei hivi karibuni, aliyenunua ndani ya wiki mbili zilizopita namwambia mapema na namrudishia tofauti, au nampa mkanda wa ziada kama tofauti ni ndogo. Hili nimelijifunza kwa yule muuguzi. Siku tisa! Ningemrudishia 15,000 yake ningekuwa nimepoteza kidogo kuliko nilichopoteza.

Halafu kuna kile cha zamani kinachobaki. Kwenye simu tumeshazoea, unabadilisha simu kwa kuongeza hela. Kwenye saa ndogo mimi sichukui za zamani, sina fundi wa kuzikagua, na sitaki kumuuzia mtu kitu nisichoweza kukisimamia. Ila namshauri mteja ampe mtu. Yule mzee alipopata saa yake mpya, ya zamani akampa kijana anayembebea fimbo uwanjani. Wiki iliyofuata yule kijana alikuwa dukani kwangu anatafuta mkanda. Mzee ndiye aliyemwelekeza. Kampuni ya watu huko nje imepunguza bei kwa mzee mmoja, sasa ina watumiaji wawili, na mimi wa Dar nimeuza mikanda miwili. Hesabu ya aina hiyo tangazo haliwezi kukupa.

Kama unauza vitu visivyo na toleo jipya

Dada anayeuza vitenge ataniuliza, "Mimi nina toleo gani?" Swali zuri. Usilazimishe. Ofa ya kupanda toleo inafaa pale ambapo kitu kina hatua inayofuata: blenda ndogo na kubwa, wigi la kwanza na lenye ubora zaidi, cherehani ya mkono na ya umeme. Kama huna hatua inayofuata, kanuni inabaki ileile hata bila punguzo: wa zamani ajue kwanza, achague kwanza, na asilipe zaidi ya mgeni kwa kitu kilekile wiki ileile. Kumtumia picha za mzigo mpya usiku kabla hujaupandisha mtandaoni hakukugharimu chochote zaidi ya bando.

Yule dada muuguzi nilimwandikia tena mwezi uliopita, lilipoingia toleo jipya la saa yake. Nilianza na samahani, nikamtajia bei yake, nikamwambia zile 15,000 za mwaka jana ziko kwake, azitumie au nimtumie kwa simu. Alijibu siku ya pili: "Nitumie kwa simu." Nikatuma. Saa hakununua.

Sijui kama atarudi. Jina lake bado liko kwenye daftari, na bei yake imeandikwa pembeni.

Wewe je, ofa yako ya mwisho ulimpa nani, mgeni au mwenyeji? Fungua meseji zako uangalie, halafu niandikie hapo chini ulichokikuta.